Mtoto wa jicho kabla ya hospitali: alisukumwa vipi kwa sindano, na kwa nini wengi walipofuka baadaye?

MwalimuChumbageni ameuliza:

Habari za jioni wanajukwaa. Naandaa meza ya maonyesho ya Siku ya Kuona Duniani, ile Alhamisi ya pili ya Oktoba, kwa wanafunzi wa kidato cha pili na cha tatu hapa Tanga. Mada ni tiba ya macho ya zamani. Vitabu nilivyonavyo vinapita kwa mstari mmoja tu: "watu wa kale walitibu mtoto wa jicho kwa sindano." Basi. Mwanafunzi mwenye akili ataniuliza palepale: sindano iliingia wapi? Ilifanya nini humo ndani? Na mgonjwa aliona kweli?

Naomba mnisaidie kwa mambo matatu. Kwanza, hatua zenyewe za tiba hiyo, pamoja na kilichoharibika na sababu yake. Pili, nani alitangulia? Nimesikia Wahindi, nimesikia Waarabu, nimesikia Wayunani. Tatu, dawa kama wanja wa manga na mrututu, ambazo huku kwetu watu bado wanazijua, zilikuwa na kazi yoyote ya kweli? Na kama kuna namna ya kuwaonyesha watoto jambo hili kwa gharama ndogo, nitashukuru sana.

---

TabibuMacho:

Mwalimu, anza na samaki. Changu aliyepikwa, ukilifungua jicho lake unakuta gololi nyeupe ngumu kidogo. Hiyo ndiyo lenzi. Samaki akiwa mbichi gololi hiyo huwa angavu kama kioo. Moto umeigandisha protini yake ikawa nyeupe, kama ute wa yai unavyoganda kikaangoni. Kwa binadamu hakuna moto, ila mwisho wake unafanana. Uzee, kisukari, jeraha, au kutumia dawa za steroidi kwa muda mrefu huziharibu protini za lenzi pole pole mpaka nuru haipiti. Kwa hiyo mtoto wa jicho ni lenzi yenyewe iliyochafuka. Kile kinyama cha pembetatu kinachotambaa juu ya jicho kutoka kona ya pua kwenda kwenye mboni ni ugonjwa mwingine kabisa, ingawa mitaani watu huviita vyote jina moja. Kwenye meza yako vitenganishe mapema.

Nimeanza hapo kwa sababu mabingwa wa kale hawakulijua hilo. Wao walidhani lenzi imekaa katikati kabisa ya jicho, na ndiyo inayoona. Mtoto wa jicho, kwa mawazo yao, alikuwa maji yaliyoteremka kutoka kichwani yakaganda kama pazia kati ya mboni na lenzi. Ndiyo maana Waarabu waliuita ugonjwa huu "maji yanayoshuka", na Walatini wakauita kwa neno lao la maporomoko ya maji. Walipoingiza sindano waliamini wanasukuma pazia. Kumbe walikuwa wanaing'oa lenzi nzima kwenye nyuzi zake na kuizamisha chini, ndani ya ule ute mzito unaojaza jicho.

Hatua zake, kama alivyoziandika Celsus, Mrumi wa karne ya kwanza baada ya Kristo, ni hizi. Mgonjwa hachaguliwi mpaka mtoto wa jicho awe amekomaa. Akiwa bado majimaji, sindano haina cha kukamata. Siku tatu kabla anapunguziwa chakula na kunywa maji tu, na siku ya mwisho anafunga. Anakaa kwenye kiti chumba chenye mwanga, uso ukielekea nuru. Tabibu anakaa mbele yake, juu kidogo. Msaidizi anasimama nyuma na kukishika kichwa kisitikisike, maana jicho likicheza tu, limekwisha. Jicho la pili linafunikwa kwa sufi ili lisilivute lile linalotibiwa. Jicho la kushoto linatibiwa kwa mkono wa kulia, na la kulia kwa mkono wa kushoto, kwa hiyo tabibu asiyeweza kutumia mikono yote miwili hakuwa tabibu wa kazi hii.

Sindano haipiti kwenye mboni. Inachomwa kwenye weupe wa jicho, upande wa sikio, katikati ya mboni na kona ya jicho. Iwe na ncha ya kupenya lakini isiwe nyembamba mno. Inaingizwa moja kwa moja bila kusitasita. Ikishapita kuta za jicho, mkono unahisi upinzani umekwisha. Hapo inainamishwa, inazungushwa taratibu na kuusukuma ule weupe chini kidogo kidogo mpaka upite ukingo wa chini wa mboni, kisha inakandamiza kwa nguvu zaidi ili utulie huko. Ukitulia, kazi imekwisha. Ukipanda tena, unakatwakatwa kwa sindano vipande vidogo. Sindano inachomolewa kwa njia ileile iliyoingilia, jicho linawekewa sufi iliyolowekwa ute wa yai, linafungwa. Chakula ni cha majimaji ili taya zisitafune.

Vitabu vya Kihindi vinavyobeba jina la Sushruta vinaongeza mambo ambayo mimi nayaona ya thamani kubwa. Sindano ilizungushiwa uzi ili isizame kupita kiasi. Hicho ni kizuizi cha kina, kama tunavyokiweka leo kwenye vifaa vingi. Ncha yake ilikuwa na umbo la punje ya shayiri. Mgonjwa aliambiwa atazame pua yake. Sindano ikifika pazuri, tone la maji hutoka na sauti ndogo husikika. Jicho lilimwagiwa maziwa ya mama. Baadaye likafungwa kwa pamba yenye samli, na mgonjwa akalazwa chali akikatazwa kukohoa, kupiga chafya, kucheua na kutema mate. Sababu ya makatazo hayo ni halali mpaka leo: kila moja ya vitendo hivyo hupandisha presha ya kichwani na ya jicho, na jicho lenye tundu bichi halivumilii.

Sasa kilichoharibika. Sindano ikiingia mbele mno, inagusa sehemu yenye mishipa mingi ya damu, na jicho linajaa damu. Ikiingia nyuma mno, inachana retina, yaani ile ngozi nyembamba ya nyuma ya jicho inayopokea nuru, na retina iliyochanika hubanduka kama karatasi ya ukutani iliyolowa. Ganda la lenzi likipasuka, protini zake zinamwagika ndani ya jicho, mwili unazishambulia kama mgeni, jicho linavimba na presha inapanda. Hapo ndipo ushauri wa Celsus wa kukatakata vipande ulipowaumiza watu bila yeye kujua. Halafu usaha: sindano ilishikwa kwa mikono mitupu, haikuchemshwa, na jicho lililoingiwa na vijidudu huharibika ndani ya siku chache. Aliyeepuka yote hayo bado alikuwa na hatari ya miezi na miaka: lenzi iliyozama inaelea, mgonjwa anainama kuchota maji, inapanda tena kwenye mboni, au presha ya jicho inaua mshipa wa kuonea kidogo kidogo bila maumivu makali.

Ndiyo maana, Mwalimu, tiba hii iliishi zaidi ya miaka elfu mbili. Siku ileile mgonjwa aliona vidole, akaona uso wa mwanawe, watu wakashangilia, tabibu akalipwa. Kuharibika kulikuja baadaye, tabibu akiwa ameshahamia mji mwingine. Nisisitize kwa wanafunzi wako: tiba ya jicho haipimwi siku ya kufunguliwa bandeji.

---

MaktabaYaPwani:

Assalaam alaykum Mwalimu, na Tabibu umetufaidi. Naongezea la pili, nani alitangulia.

Usiandike "wa kwanza" kwenye ubao wako. Andika mtiririko. Sheria za Hammurabi wa Babeli, takriban mwaka 1750 kabla ya Kristo, zinataja tabibu aliyeokoa jicho la mtu kwa kisu cha shaba nyeusi: malipo yake shekeli 10 za fedha kwa mtu wa tabaka la juu, 5 kwa mtu wa tabaka la chini, 2 kwa mtumwa. Akiliharibu jicho la mtu mkubwa, anakatwa mikono. Sheria haielezi kama jicho lenyewe lilikuwa na mtoto wa jicho au jipu, kwa hiyo usiitumie kama ushahidi wa sindano. Ni ushahidi kwamba kulikuwa na watu wanaoishi kwa kazi ya macho.

Kwa Sushruta, utakuta mitandaoni mwaka mmoja umebandikwa kwa uhakika mkubwa. Kitabu hicho kilikusanywa na kuongezewa kwa karne nyingi, kwa hiyo hakina mwaka mmoja. Sema tu "India ya kale" na utakuwa salama. Orodha yake ya magonjwa 76 ya macho yenyewe inatosha kuonyesha kwamba watu hawa walikuwa wanachunguza.

Waarabu na walioandika kwa Kiarabu ndio waliolifanya jicho kuwa fani yenye vitabu vyake. Tabibu wa macho aliitwa *kahhal*, mtu wa kuhl, yaani wanja. Hunayn ibn Ishaq wa Baghdad, aliyefariki mwaka 873, aliandika makala kumi juu ya jicho. Ali ibn Isa, wa Baghdad pia, mwanzoni mwa karne ya 11 aliandika kumbukumbu kwa matabibu wa macho inayoeleza magonjwa kama 130, na ilisomwa kwa karne nyingi. Wakati huohuo Cairo alikuwepo Ammar ibn Ali, mzaliwa wa Mosul. Huyu mpe nafasi yake mwenyewe kwenye meza. Aliona kwamba lenzi iliyosukumwa hupanda tena, akatengeneza sindano ya chuma yenye tundu ndani, ili weupe ufyonzwe utolewe nje badala ya kubaki humo. Kitabu chake alikiandika zama za Khalifa al-Hakim, na ndani yake ameandika habari za wagonjwa mmoja mmoja.

Ukiniuliza mimi, wazo la Ammar ndilo lililo sahihi kuliko yote ya zama zake: kitoe. Kilichomshinda ni vifaa. Tabibu atanisahihisha, lakini kufyonza kunawezekana kwa lenzi laini, si kwa lenzi ngumu ya mzee.

Ulaya mambo yaligeuka mwaka 1705. Mfaransa Michel Brisseau alichukua jicho la askari aliyefariki akiwa na mtoto wa jicho, akalifanyia tiba ya sindano, kisha akalipasua. Kilichokuwa kimesukumwa kilikuwa lenzi. Wenzake hawakumkubali upesi. Miaka 42 baadaye, 1747, Jacques Daviel aliitoa lenzi kwa makusudi kwa kukata upande wa chini wa konea, yaani ule ukuta angavu wa mbele ya jicho, na mwaka 1752 akaipeleka taarifa yake kwenye chuo cha kifalme cha upasuaji cha Paris. Hata hivyo sindano haikufa mara moja. Mwanamuziki Bach alifanyiwa mara mbili mwaka 1750 mjini Leipzig na John Taylor, Mwingereza aliyekuwa akizunguka mji hadi mji, akapofuka kabisa na kufariki Julai mwaka huohuo.

---

TabibuMacho:

Maktaba hujakosea. Lenzi ya kijana, au iliyogeuka kama maziwa, hufyonzeka. Ya mzee ina kiini kigumu cha rangi ya kahawia, haipiti kwenye tundu la sindano. Na ukifyonza kwa nguvu ya pumzi huna udhibiti: ukikosa lenzi unavuta ute wa ndani, jicho linanywea kama mpira uliotoka upepo. Leo tunafyonza pia, lakini maji yanaingia jichoni kwa kiasi kilekile kinachotoka, ili umbo la jicho lisibadilike. Hiyo ndiyo tofauti yote.

---

MwalimuChumbageni:

Ahsanteni sana. Nina maswali mawili. Walijuaje nani atafaidika na nani hatafaidika? Na huyu aliyefanikiwa, lenzi ikishaondoka njiani, aliona kama sisi?

---

TabibuMacho:

La kwanza nalijibu mimi. Walikuwa na vipimo viwili. Kimoja: unamfumba mgonjwa jicho, unalisugua kope kwa kidole gumba, unafumbua haraka na kutazama kama ule weupe unatawanyika kisha kujikusanya. Ukitawanyika, bado ni majimaji, subiri. Cha pili: unafunika jicho moja na kutazama kama mboni ya lile lenye mtoto wa jicho inapanuka. Isipopanuka, tabibu mwadilifu hakugusa.

Kipimo hicho cha pili kilikamata mboni iliyogandamana kwa uvimbe wa zamani, na hapo kilisaidia. Lakini kilidanganya kwa jicho lenye mshipa uliokufa. Mboni mbili huenda pamoja: ukilifunika jicho zima, zote mbili hupanuka, hata ya jicho ambalo haliwezi kuona tena. Kwa hiyo mtu alichomwa bure. Sisi tunafanya kinyume. Jicho zima linafunikwa sawasawa kwa kiganja, tochi inamulikwa kwenye jicho lenyewe linalougua kutoka juu, chini, kulia, kushoto, na mgonjwa anaonyesha kwa kidole nuru inakotoka. Kisha tochi inahamishwa jicho hadi jicho huku unatazama mboni. Mtoto wa jicho peke yake, hata awe mweupe kama maziwa, hamnyimi mtu kujua nuru iko upande gani. Asiyejua kabisa, tatizo liko nyuma ya lenzi, na upasuaji wa lenzi hautamrudishia kuona.

---

FundiMiwani_Ngamiani:

La pili ni langu. Hapana Mwalimu, hakuona kama sisi. Aliona ukungu angavu.

Jicho la kawaida lina nguvu ya kukunja nuru kama dayopta 60 (dayopta ndiyo kipimo cha nguvu ya lenzi). Konea inabeba kama 43, inayobaki ni ya lenzi. Ukiizamisha lenzi, taswira inaangukia nyuma ya retina, na ili kuirudisha mahali pake unahitaji miwani ya takriban +10 hadi +12. Bila hiyo mtu anahesabu vidole kwa karibu, anaona mlango, anaona rangi, anatembea bila kushikwa mkono. Kusoma hawezi, kutunga uzi hawezi, sura za watu wa mbali hazitambui. Kwa mtu aliyekuwa gizani hayo ni makubwa sana, nisiyadharau.

Miwani yenyewe ilianza Italia karibu na mwisho wa karne ya 13. Mhubiri mmoja wa huko alisema mwaka 1306 kwamba haijatimia miaka 20 tangu ibuniwe. Lakini ile ilikuwa ya kusomea wazee, nguvu ndogo ndogo, +1 hadi +3. Lenzi nene za waliosukumwa mtoto wa jicho zilikuja karne nyingi baadaye. Kwa hiyo Celsus, Ali ibn Isa na Ammar wote walifanya nusu ya tiba, nusu ya pili ikiwa bado haijabuniwa.

Na hata ilipopatikana, ina kasoro. Lenzi ya +10 hukuza kila kitu kwa kama robo. Ukifanyiwa jicho moja na lingine likawa zima, ubongo unapokea taswira mbili za ukubwa tofauti na kushindwa kuziunganisha. Unaona viwili viwili. Pembeni mwa lenzi nene kuna mduara usioonekana kabisa, kitu hujitokeza ghafla kama mtu aliyeruka kutoka ukutani. Ngazi huonekana karibu kuliko zilivyo. Wazee wengi walianguka kwa sababu hiyo.

Kwa maonyesho: chukua lenzi ya +10 kwa fundi yeyote wa miwani, isimamishe mbele ya karatasi nyeupe ukiielekeza dirishani. Kwa kama sentimita 10 utaona dirisha limepinduka juu chini kwenye karatasi. Ukitaka watu waone kama aliyesukumwa mtoto wa jicho, wavalishe lenzi ya −10. Ila usijaribie wanafunzi! Macho ya mtoto wa miaka 15 yana uwezo mkubwa wa kujikaza na atakwambia anaona vizuri tu, kisha kichwa kitamuuma. Jaribia walimu wenzako waliovuka miaka 50. Halafu mpe huyohuyo kadi yenye tundu la milimita moja achungulie. Ukungu utapungua hapohapo, kwa sababu tundu dogo hupitisha nuru nyembamba ambayo haihitaji kukunjwa sana.

---

MaktabaYaPwani:

Fundi, hilo la "nusu ya tiba" nitalichukua. Naomba niongeze mtu mmoja: Harold Ridley, London, Novemba 1949. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia aliona marubani wenye vipande vya plastiki ya kioo cha ndege vilivyoingia jichoni, na jicho halikupigana navyo. Akatengeneza lenzi ya plastiki ya aina hiyohiyo na kuiweka mahali pa ile iliyotolewa. Ya kwanza ilikosewa nguvu, mgonjwa akabaki haoni mbali. Lakini nusu ya pili ikawa imepatikana, na sasa ikawa ndani ya jicho.

---

TabibuMacho:

Tumalizie dawa, maana hapo ndipo watu wanaumia mpaka leo.

Wanja wa manga. Wamisri walitumia jiwe jeusi lenye risasi, lile linalong'aa likivunjwa, na jiwe la kijani la shaba. Mwaka 2010 wanakemia wa Ufaransa waliochunguza wanja wa kale wa Misri walieleza kwamba chumvi fulani za risasi, zilizotengenezwa kwa makusudi, kwa kiasi kidogo sana zingeweza kuamsha kinga ya jicho. Kwa hiyo wazee hawakuwa wajinga. Lakini risasi haitoki mwilini upesi. Inajikusanya, na kwa mtoto mchanga inaharibu ubongo. Anapikicha macho, analamba vidole, inaingia tumboni. Kwa kutazama huwezi kujua wanja gani una risasi na upi ni masizi. Mtoto mchanga asipakwe, bibi akisema lolote.

Mrututu ni salfeti ya shaba. Kwa ugonjwa wa vikope, yaani trakoma, matabibu tangu zamani mpaka karne ya 20 walilipindua kope na kusugua ndani kwa kipande cha mrututu. Uliunguza vinundu na kuua baadhi ya vijidudu, na kuna waliopata nafuu. Ila uliunguza na ngozi isiyougua pia, na kovu la ndani ya kope ndilo hasa linaloigeuza kope ndani, nywele zake zikaanza kuchoma jicho. Yaani dawa ilisukuma ugonjwa kule kule unakoelekea. Mrututu ukidondokea kwenye konea ni kidonda na baka jeupe la kudumu. Leo vikope hutibiwa kwa azithromaisini ya kunywa au mafuta ya tetrasaiklini ya asilimia 1, pamoja na maji ya kunawa uso na vyoo.

Kung'oa nywele za kope zinazochoma kumeandikwa kwenye mafunjo ya Ebers, maandishi ya tiba ya Misri, ya takriban mwaka 1550 kabla ya Kristo, pamoja na mapishi ya kuzuia zisiote tena, mojawapo likitumia damu ya popo. Mapishi hayo hayafai kitu, zinaota tena ndani ya wiki chache. Kung'oa kwenyewe kunasaidia kama koleo lina midomo bapa inayokutana sawasawa na unavuta kuelekea unywele unakoota. Koleo bovu hukata unywele katikati, na kisiki kinachobaki ni kigumu kuliko unywele mzima, kinakwaruza zaidi. Zikirudi, dawa ni upasuaji wa kuigeuza kope yenyewe nje.

Ini ndilo pekee ninaloweza kulisifu bila kusita. Wamisri walilitumia kwa asiyeona usiku, Wayunani wakalisha ini la ng'ombe na asali. Lina vitamini A nyingi, na kutoona gizani ni dalili ya mwanzo ya upungufu wake. Watoto wetu hupewa matone kila miezi 6: yuniti 100,000 kwa wa miezi 6 hadi 11, na 200,000 kwa wa mwaka mmoja hadi wasiofikisha mitano. Mama mjamzito asile ini kila siku. Vitamini A ikizidi hudhuru mimba. Mchicha, maembe na viazi vitamu vya njano havina hatari hiyo.

Na maonyesho. Nunua macho mawili ya ng'ombe aliyechinjwa asubuhi hiyohiyo. Ya jana konea yake imeshakuwa na ukungu. Yafunike kwa kitambaa chenye maji. Kata mwenyewe, si wanafunzi, maana weupe wa jicho ni mgumu kama ngozi ya kiatu na kisu huteleza. Toboa katikati ya mzingo, kisha zungusha kwa mkasi mdogo mkali mpaka jicho ligawanyike mbele na nyuma. Ute utamwagika. Utoe taratibu, usiuvute, umeshikana na mgongo wa lenzi. Igeuze nusu ya mbele: utaiona lenzi imening'inizwa katikati na nyuzi nyembamba pande zote. Chukua sindano butu ya kufumia, ikandamize kwenye ukingo wa juu wa lenzi. Nyuzi zitakatika moja moja na lenzi itainama na kudondoka. Hicho ndicho Celsus alichokuwa anakifanya, mtoto akikiona hakisahau.

Ile lenzi iweke juu ya gazeti, herufi zitakuzwa. Kisha itumbukize kwenye maji yanayochemka dakika chache, irudishe juu ya gazeti lilelile. Herufi hazipo. Vaa glavu, meza ioshwe kwa maji ya klorini, na mabaki uyafukie.

---

MwalimuChumbageni:

Nimeelewa. Nitaweka sahani tatu: lenzi mbichi, lenzi iliyochemshwa, na jicho la changu kutoka Sahare. Fundi, Jumatatu naomba nipitie dukani kuazima ile +10 na −10.

---

FundiMiwani_Ngamiani:

Njoo baada ya adhuhuri. Ile −10 shika pembeni tu, ukiidondosha sina nyingine. Na kadi ya tundu itoboe kwa pini ya moto, ukitoboa kwa baridi kingo zinachanika na taswira inakuwa na mikia.